Trekta la Adelmo na Sufuria ya Dirishani

Mheshimiwa Meya wa Borgo Pioppeto, Padri Luciano, Mwenyekiti wetu wa miaka thelathini na mmoja, Bwana Ermes Gualdi, ambaye leo anakabidhi kofia yake, wanachama wa Chama cha Mashine za Kale za Shamba, wageni mliovuka mto Po pamoja na matrekta yenu, akina mama mlioko jikoni, ambao hamnioni lakini mnanisikia, nanyi mlioketi juu ya marobota ya majani makavu kwa kuwa viti vimekwisha: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kabla ya jambo lolote, naomba radhi. Kwa miaka minne sijasema neno mbele yenu. Mmenialika kwenye sikukuu ya kupura ngano kila mwaka, na hadi leo sikuwa nimeitika. Mmeniandikia barua saba kuhusu ghala la marehemu mume wangu, nami nimeziweka zote kwenye droo ya vijiko bila kujibu hata mstari mmoja. Mimi niliyewafundisha watoto wa kijiji hiki, kwa miaka thelathini na minane, kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja, sina la kujitetea. Mwezi uliopita Ivano Razzoli alinikuta dukani tukinunua mikate, akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, ukiendelea hivi nitakupa sifuri ya tabia." Ivano, ulikuwa na haki ya kunipa. Ila siku nyingine punguza sauti. Tatizo hilo ulikuwa nalo tangu darasa la pili.

Kamati imeniomba niseme machache ya kumuaga Ermes. Nitayasema. Lakini siwezi kumsifu mtu huyu kabla sijasahihisha kosa, na kosa lenyewe si lake.

Wengi wenu mnalijua trekta la Adelmo Bellodi, mume wangu. Kwa wasiolijua, nieleze kwa ufupi. Lina silinda moja tu, na kichwa cha chuma ambacho lazima kipashwe moto kwa taa ya kupulizia, robo saa nzima, mpaka kiwe chekundu. Kisha unachomoa usukani mahali pake, unauchomeka ubavuni kwenye gurudumu zito, unalibembeza mbele na nyuma hadi injini ishike. Na hapo ndipo penye mtego. Injini hii haichagui upande. Mkono ukikosea kidogo tu, itashika ikizunguka kinyume, itanguruma kama kawaida, nawe utapanda kitini kwa fahari, utatia gia ya kwanza, na utakwenda nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye sikukuu yetu ya kwanza, mwaka elfu moja mia tisa themanini na nne. Adelmo alikuwa amevaa tai. Alitia gia, akapungia watu mkono, na trekta likarudi nyuma taratibu mpaka likavunjavunja safu nzima ya viti vya wageni rasmi. Hakuumia mtu, kwa sababu wageni rasmi walikuwa bado hawajafika. Mheshimiwa Meya, leo umewahi, na nakupongeza. Lakini ujue kwamba kuchelewa kwa aliyekutangulia ndiko kulikookoa roho yake.

"Adelmo, unakwenda wapi?" watu walimpigia kelele. "Ngano iko huku!"

"Nakwenda kuwachukua wageni!" akajibu, bila kuona haya hata kidogo. "Wamechelewa!"

Nyumbani nilimwambia, "Nilijua inazunguka kinyume. Nilisikia."

"Mke wangu, hakuna binadamu anayeweza kusikia hilo."

"Mpigo wake unachechemea," nikamwambia. "Kama mtoto anayesoma shairi asilolielewa."

Hakuniamini. Jumamosi iliyofuata aliiwasha injini mara kumi, mimi nikiwa jikoni, dirisha wazi, mgongo wangu umeelekea uwanjani. Nilikuwa na sufuria ya shaba ya kupikia ugali wa mahindi. Nilipaswa kuigonga mara moja kama injini iko sawa, na mara mbili kama iko kinyume. Ermes, aliyekuwa kijana mwenye masharubu meusi, alisimama dirishani kuhakikisha kwamba sichungulii. Nilipata zote kumi. Akavua kofia yake, akasema, "Bibi Norina, kumbe Adelmo ameoa mchawi na hakutuambia?"

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuna mtu katika chama hiki aliyetia gia uwanjani kwetu kabla hajasikia jibu la sufuria. Wapo waliokuja kutoka mbali na kudhani ni kengele ya chakula.

Ndugu zangu, mnauliza ninakumbuka nini? Sikumbuki sikukuu. Sikukuu ni siku moja, na siku hiyo mimi nilikuwa nakaanga. Nakumbuka Jumamosi za kawaida, Novemba, ukungu umefunika mashamba hata huoni mti wa mbele ya nyumba, na ndani ya ghala wanaume tisa wanaosha boliti kwa dizeli na kugombana juu ya boliti moja. Nakumbuka Ivano akiapa kwamba hatarudi tena, kisha akirudi baada ya dakika ishirini kwa sababu amesahau miwani. Nakumbuka jinsi mlivyoitengeneza pampu ya mjane wa jirani, na mashine ya kufulia ya Padri, na baiskeli yangu, ambayo haikuwa na ubovu wowote mpaka mlipoifungua. Nakumbuka mwaka wa mafuriko, mlipolipeleka trekta nyumba kwa nyumba kunyonya maji kwenye vyumba vya chini, na Ermes hakuvua viatu siku tatu.

Na sasa Jumamosi nafungua dirisha lile lile. Nasikia magari ya barabara kuu. Nasikia friji. Je, mmewahi kukaa jikoni mkisubiri sauti ambayo mnajua haitakuja, na bado mkono ukanyooka wenyewe kuifuata sufuria?

Sasa nifike kwenye kosa.

Adelmo alifariki mwezi Februari, miaka minne iliyopita. Mliniomba trekta lake liufuate msafara wa mazishi, nami nikawapa ufunguo wa ghala. Lilisimama nyuma ya watu wote, kwenye lango letu, limevishwa shada la maua puani. Ermes ndiye aliyeliwasha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyestahili. Mimi nilikuwa mbele, nyuma ya jeneza, nimevaa glavu.

Mnakumbuka yaliyotokea. Ermes alitia gia, na trekta likarudi nyuma taratibu, na shada lake la maua, likapita katikati ya ua wa miti, likatumbukia mtaroni na kutulia humo kama ng'ombe aliyechoka. Kisha Ivano akapaza sauti: "Adelmo hataki kwenda!"

Watu wote wakacheka. Mpiga tarumbeta alishindwa kuendelea. Padri Luciano, wewe pia. Usikatae, niliyaona mabega yako.

Mimi sikucheka. Kesho yake mlilitoa trekta mtaroni, mkaliosha, mkalirudisha ghalani likiwa safi kuliko lilivyotoka. Nikafunga mlango kwa kufuli mbele yenu, na nikamwambia Ermes, "Umemfanya mume wangu kichekesho siku ya mazishi yake." Akavua kofia. Kwa miaka minne hakujibu, wala kwangu, wala kwenye baa, ambako nasikia mlimwita Bwana Rivasi. Mliona ni utani tu, nanyi mlikuwa mnampenda. Lakini aliyeondoka baa mapema kila siku ni yeye.

Mwezi Machi ikafika barua ya saba, ya Ermes mwenyewe. Niliisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea, kisha nikaona aibu, nikaisoma upya kama barua. Hakuomba ghala, kinyume na zile sita za kamati. Aliandika hivi, nami naisoma kama alivyoiandika: "Mwalimu, nang'atuka mwezi wa saba, mikono inatetemeka. Siombi trekta. Nataka kujua kitu kimoja tu, uniambie ukweli. Siku ile, ulisikia? Maana mimi naisikiliza kichwani kila siku, na mpaka leo sijui kama ilichechemea."

Ermes, nakujibu mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokulaumu.

Nilisikia.

Nilisikia tangu mpigo wa tatu. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwako, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba inazunguka kinyume. Ningegeuka tu. Ningeinua vidole viwili, ungeelewa. Lakini palikuwa na wageni kutoka Torino, wakwe wa binti yangu, palikuwa na mkaguzi wa shule, nami nikajiambia kwamba mjane hageuki nyuma kwenye msafara. Nikaendelea kutazama mbele. Nimekuja kujua baadaye, kutoka kwa watu walioona, kwamba wewe hukutia gia mara moja. Ulingoja. Ulikuwa umekaa kitini na machozi usoni, unalitazama dirisha la jikoni kwangu, ukingoja sufuria.

Mtu aliyekosa siku ile ni mimi, na mtu aliyebeba kosa ni wewe. Ivano alisema kweli, na Adelmo angecheka kuliko wote. Pengine hilo ndilo lililonikasirisha: kwamba watu wote walikuwa wakicheka kama yeye, isipokuwa yeye.

Mwenyekiti, nakuomba radhi. Hapana, kaa. Kaa, Ermes, sijamaliza. Na wewe Ivano mpe leso, yako, ile safi.

Yanabaki mambo ya ghala. Mnajua hali ilivyo. Binti yangu Mirella anataka niuze nyumba na nihamie kwake Torino, na haniambii kwa ubaya. Nyumba ina vyumba kumi na vinne nami naishi katika viwili. Kuna bwana mmoja ng'ambo ya milima ya Alpi anayelitaka trekta pamoja na mashine ya kupura, ayaweke kwenye ukumbi wenye sakafu ya marumaru. Nanyi mnataka ghala liwe nyumba ya chama, kwa sababu tangu nilipofunga mmekuwa mkikutana nyuma ya duka la mbolea, na mashine zenu zinanyeshewa. Wote mnangoja jibu kabla ya sikukuu ya Martin Mtakatifu, mwezi Novemba, siku ambayo wazazi wetu walikuwa wakipakia vitanda kwenye mikokoteni na kuhamia shamba la mwenye ardhi mwingine. Mimi ni binti wa watu hao. Kuhama hakunitishi. Kinachonitisha ni kuamua nikiwa na hasira, au nikiwa na majonzi, na kwa miaka minne sikuwa na kingine.

Kwa hiyo sijaamua, na sitawadanganya kwa kuwafurahisha. Ninyi mnaonishangilia huko nyuma, acheni, sijawaahidi kitu.

Lakini leo asubuhi nilifungua kufuli. Ilinichukua muda, lilikuwa limeshika kutu. Ndani mna harufu ile ile. Kofia yake iko msumarini. Taa ya kupulizia ilikuwa tupu, nimeijaza mafuta mwenyewe, na nimepangusa kiti.

Ermes, ufunguo huu hapa. Kofia ya uenyekiti umeikabidhi, mikono hujaikabidhi kwa mtu, hata ikitetemeka. Ilitetemeka hata ulipokuwa na umri wa miaka thelathini, ila ulikuwa unasema ni baridi. Naomba uliwashe trekta leo, saa kumi alasiri, pale pale uwanjani kwetu. Wenzako watakusaidia kubembeza gurudumu. Asije mtu jikoni kwangu. Dirisha litakuwa wazi, nami nitakuwa nimeligeuzia mgongo. Na mtu yeyote asiguse gia kabla hajasikia jibu.

Nataka kuisikia injini ile kwa masikio haya, angalau mara moja, nikiwa si mtu mwenye hasira. Baada ya hapo ndipo nitakaa mezani na kuamua.

Nikishaamua nitawaandikia. Si tangazo kwenye mlango wa kanisa: nitamwandikia kila mwanachama kwa mkono wangu, kabla ya Martin Mtakatifu, iwe ni ndiyo au hapana, na safari hii barua hazitaishia kwenye droo ya vijiko.

Mheshimiwa Meya, Padri, Mwenyekiti, ndugu zangu: nawashukuru kwa kumsikiliza mtu aliyewanyima neno kwa muda mrefu hivi. Sasa nipisheni njia, tafadhali. Sufuria iko juu ya kabati, ina vumbi la miaka minne, na saa kumi si mbali.