Arobaini na Tano ya Koleo

Pale Birch Fork, Missouri, ukitaka kujua nani kaoa, nani kagombana na mchungaji na theluji itaanguka lini, usihangaike na redio. Nenda dukani kwa Lurleen, anakouza misumari, chakula cha ng'ombe na bunduki, pita magunia ya chumvi mpaka kwenye jiko la kuni. Hapo pana benchi lililofukuzwa kanisani siku viti vya sponji vilipoletwa, na juu yake wazee watatu waliofukuzwa majumbani na wake zao mpaka saa sita mchana. Wa kwanza ni Kamusi, Wendell Pogue kwa jina la kuzaliwa, anayejua methali zote duniani ila hajui zinakwenda wapi. Wa pili ni Jenerali, Royce Tackett, aliyelitumikia jeshi miaka miwili huko Ujerumani akimenya viazi. Wa tatu ni Koleo, Delbert Strunk, aliyewavika farasi viatu vya chuma maisha yake yote. Zamani, siku ya sherehe ya mavuno, alikinyoosha kiatu kimoja kwa mikono mitupu watu wakapiga kelele, na ndipo alipopewa jina. Kahawa yao hukaa kwenye chupa kubwa ya chai, na kuifungua ni kazi ya Lurleen. Wenyewe husema ni heshima kwa mwenye duka.

Asubuhi moja ya Novemba Lurleen aliitua chupa sakafuni, bado imefungwa, akakimbilia simu. Wazee wakaendelea na masalia ya vikombe vya kwanza.

— Bado ipo, akasema Jenerali, akionyesha kabati la kioo kwa kidevu.

— Itakwenda wapi? Inamngoja mumewe, akajibu Kamusi.

Mume mwenyewe ni Koleo. Mle kabatini mlikuwa na bastola nyeusi yenye mpini wa mbao, mwigo wa ile ya jeshi la zamani, iliyoitwa arobaini na tano kwa ukubwa wa risasi zake. Mwigo huo ulitoka Ufilipino na bei yake ilikuwa ya kistaarabu. Ya Kimarekani yenyewe ingemlazimu Koleo auze trekta, na Nadine mkewe angemuuza yeye kwanza. Koleo aliibeba ya kweli kule Vietnam akiwa kijana asiye na ndevu, akairudisha stoo ya jeshi siku ya kuondoka, na tangu siku hiyo hajaacha kuitamani. Alitaka kuushika ule uzito tena kabla hajafa. Basi, hakuwa na hoja nyingine.

— Mimi ningechukua ya Uturuki, akasema Kamusi. Nimesoma.

— Umesoma wapi?

— Kwa kinyozi. Gazeti halikuwa na jalada lakini lilikuwa na akili.

— Na hii ina ubaya gani?

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Bastola ina mguu, Kamusi?

— Wewe elewa, usichambue.

Jenerali akasogea mbele. Akisogea hivyo, jua uongo unakuja.

— Tatizo ni chuma, jamani. Mnajua kule chuma wanakitoa wapi? Kwetu! Magari yetu mabovu yanauzwa skrepa, yanapakiwa melini, yanakwenda kuyeyushwa. Ile mnayoiona pale, naapa kwa mama yangu, ni Shevrole yangu ya kijani.

— Ile iliyokufa gia darajani?

— Hiyohiyo! Nimeitambua rangi ya chini.

— Basi ndiyo maana ukiikoki ile sehemu ya juu haitaki kurudi nyuma, akadakia Lurleen kutoka kwenye simu. Rivasi ilikufa zamani.

Wakacheka. Koleo naye akacheka, lakini kwa nusu mdomo. Maana hapo Lurleen alikuwa amegusa kidonda bila kujua.

Kidonda chenyewe ni hiki. Kwa Lurleen bastola hainunuliwi kama kilo ya misumari. Anaitoa, anaonyesha kuwa ni tupu, kisha anakupa wewe uikoki kwa mkono wako, uvute ile sehemu ya juu mpaka mwisho, uchungulie ndani. Ndiyo adabu ya hapo, hata shemeji yake hasamehewi. Na Koleo hakuwa na mikono tena. Baridi yabisi ilikuwa imeingia vidoleni miaka miwili nyuma, ikakaa kama mpangaji asiyelipa. Springi ya arobaini na tano ni ngumu, na vidole vyake havikuweza hata chupa ya achari ya matango. Nadine akimpa chupa afungue, anasema anaipeleka kibandani kwenye mwanga mzuri, halafu kule anaibana kwenye jiliwa na kuuzungusha mfuniko kwa koleo la chuma. Anarudi nayo akipiga mluzi. Watu wa Birch Fork bado wanamletea chupa zao zilizokwama mifuniko, naye anawaambia waache, atawapitishia jioni.

Sasa avute bastola mbele ya benchi, ishindikane? Wangemwita nini baada ya hapo?

— Si gari, akasema Kamusi. Ni hali ya hewa. Springi iliyozaliwa kwenye joto ukiileta kwenye baridi inajikunyata. Ukiikoki Novemba umeivunja moyo. Tungoje Juni.

— Penye wazee haliharibiki neno, akasema Koleo haraka. Tungoje Juni.

— Nyie! Lurleen akaweka simu chini. Juni si mlisema joto linalegeza springi, tungoje baridi?

— Hiyo ilikuwa Juni nyingine, akasema Jenerali. Tena kuna jambo zaidi. Chuma kina kumbukumbu. Silaha kama ile inamjua bwana wake wa kwanza. Akiishika mtu baki, inakaza. Ujerumani nilikuwa na sufuria ya namna hiyo.

— Sufuria ilikaza?

— Ilikuwa inanipikia mimi tu! Akipika Koplo Hanks, wali unaungua.

— Kweli kabisa, akasema Kamusi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hakuna aliyejua mwana ameingiaje, lakini wote wakatikisa vichwa.

Hapo kengele ya mlango ikalia, akaingia mwanamke mfupi mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alikuwa Analyn, nesi mgeni wa kituo cha wazee kule mtaa wa pili. Lurleen akamchangamkia:

— Karibu mwanangu! Hebu njoo utuamulie. Hiyo bastola imetoka kwenu Ufilipino. Hawa wazee wameisema tangu majira ya kuchipua. Ni madhubuti?

— Mimi nitajuaje, mama? Baba yangu alikuwa mwoka mikate. Nimekuja kununua mitego ya panya.

— Ah, lakini damu ni damu, dada, akasema Jenerali. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Ahsante, mzee wangu. Analyn akainama kwenye kioo, akaitazama. Nzuri. Mbona nzito namna hii kwa macho tu! Hivi ikikokiwa inasikikaje mkononi? Nani kati yenu ameshaikoki?



Jiko likapasua ukuni. Kamusi akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo, na humo mlikuwa na masimbi matupu ya kahawa. Jenerali akasema kahawa imeisha, akainama, akaipakata chupa ya chai, akaushika mfuniko na kuuzungusha. Haukuzunguka. Akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni. Kisha akairudisha chupa chini polepole na kuficha mkono mfukoni.

Koleo alimwona. Akamgeukia Kamusi, naye Kamusi alikuwa ameikalia mikono yake miwili kama mtoto aliyekatazwa pipi. Mungu wangu, akawaza, miezi yote hii! Uturuki, Shevrole, hali ya hewa!

— Mimi siwezi, akasema.

— Huwezi nini? akauliza Kamusi.

— Kuikoki. Siwezi hata mfuniko wa achari. Nimewadanganya. Mikono imekwisha, jamani, na naona aibu mpaka sijui niitie wapi.

Alitegemea kicheko. Hakikuja.

— Mimi vifungo vya shati ananifunga mjukuu, akasema Kamusi kwa sauti ndogo. Analipwa kwa peremende anyamaze.

— Na mimi hiyo chupa mmeiona, akasema Jenerali. Tusiendelee.

Lurleen akafungua kabati, akaitoa bastola, akaikoki mwenyewe, akaonyesha kuwa ni tupu, akairudisha sehemu ya juu mahali pake. Kisha akamwekea Koleo kiganjani, mtutu ukielekea magunia ya chumvi.

— Adabu ya hapa haibadiliki, akasema. Lakini sikuwahi kusema mwe wangapi.

Wakainuka, magoti yakilia. Koleo akaushika mpini kwa mikono miwili, kidole mbali na kifyatulio. Jenerali akamshikilia vifundo vya mikono. Kamusi akaikumbatia sehemu ya juu kwa viganja vyote.

— Kwa amri yangu, akasema Jenerali, na mara hii ilikuwa amri yake ya kwanza maishani. Moja, mbili…

Mara ya kwanza iliteleza, Kamusi nusura aangukie jiko la kuni. Mara ya pili wakavuta wote, wakiguna kama mafahali, na kile kitu kikarudi nyuma mpaka mwisho, kla!

Koleo akachungulia ndani. Tupu, safi, inanukia mafuta. Uzito ulikuwa uleule. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Kamusi, akihema.

Lurleen akamkodolea macho.

— Wendell, hiyo umeiweka mahali pake!

— Imeponyoka tu, akasema Kamusi.

Analyn akauliza bei ya mitego ya panya.

Koleo alifika nyumbani na boksi kwapani. Nadine hakuuliza lolote juu ya boksi. Alikuwa jikoni, na mezani palikuwa na chupa ya achari.

— Nifungulie, Delbert.

Akaichukua. Mguu ukageukia mlango wa kibanda kwa mazoea, akausimamisha.

— Njoo ushike hapa juu, akasema. Mimi nashika chupa, wewe zungusha. Peke yangu siwezi, mke wangu. Siku nyingi siwezi.

Nadine akaushika mfuniko. Wakazungusha, chupa ikapumua, harufu ya siki ikajaa jikoni.

— Nilikuwa nangoja useme, akasema Nadine. Mifuniko yangu yote ina alama za meno ya koleo.