Historia ya Nosim Marta na Surutia Zake

Wazee wangu, mama zangu, mchungaji wetu, majirani wa Lemara na ndugu mliotoka Olasiti, pamoja nanyi Wameru na Wachaga mlioacha mashamba yenu na kuja kutushika mkono, naomba mnisikilize. Kwa kawaida maneno haya husomwa na ndugu mwingine, si mfiwa mwenyewe, na ndugu zangu walikwisha kumchagua msomaji, lakini nimewaomba waniachie mimi, Gidion Simel, mume wa marehemu, kwa sababu habari ya kifo iliwahi kuletwa katika nyumba hii na mtu asiyeijua, na safari hii nataka isemwe na anayeijua. Nitasoma kwa Kiswahili ili asiachwe mtu.

Marehemu Nosim Marta alizaliwa Olasiti, mtoto wa pili kwa baba na mama yake, ambao wote wawili wametangulia. Tarehe haikuandikwa, lakini mama yake alikumbuka kwamba sotoka ilipomaliza ng'ombe, mwaka 1891, binti huyu alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, hivyo nakadiria alizaliwa mwaka 1885, na amefariki akiwa na miaka ishirini na minane au tisa.

Elimu yake ya kwanza aliipata kwa mama yake, aliyemfundisha kulainisha ngozi, kushona ushanga juu yake na kupanga rangi kwa utaratibu ambao kila mwanamke wa Kiarusha anaujua, na kazi ikiharibika mama yake alikuwa akiikata uzi na kumwachia ushanga mapajani aanze upya. Mwaka 1906 aliingia shule ya misheni akiwa tayari ni mama, akajua kusoma kabla ya wengi waliomtangulia, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1907, akapewa jina la Marta.

Tulioana kwa desturi yetu mwezi wa Agosti mwaka 1904, hapa Lemara, na siku ile alivalishwa surutia, zile hereni za waya wa shaba uliozungushwa hadi ukawa kama visahani viwili, zinazoning'inia kwa kamba za ngozi kutoka masikioni hadi karibu na mabega. Kwa wageni waliopo nieleze kwamba mwanamke wetu akishavalishwa surutia hazivui, hata akiugua, hata akigombana na mumewe, ila siku moja tu, siku mumewe anapokufa, na watu wakimwona njiani bila hizo hawana haja ya kumwuliza kilichompata. Mchungaji aliyekuwapo wakati wa ubatizo alimtaka azivue, akiona ni mapambo ya kipagani, naye Nosim akamjibu mbele ya darasa zima, "Mume wangu huyo hapo, benchi la pili, anapumua. Nikizivua, utamzika wewe?" Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, akambatiza nazo, na ndoa yetu ikabarikiwa mwaka ule ule.

Mungu alitujalia watoto watatu, Simaloi aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1905, Mikaeli aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1908, na Eliamini aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1912.

Kuhusu kazi, marehemu alianza mwaka 1906 kutandika mkeka wake kando ya njia ya bomani, mbele ya maduka ya Wahindi, akiwauzia wasafiri, wawindaji na walowezi mikufu, mikanda na vibuyu vilivyoshonewa ushanga, vitu ambavyo wageni hupenda kurudi navyo kwao kuonyesha walikofika. Wengi wenu mlikuwa mkipita pale makusudi kumsikiliza, kwa maana wageni walitaka vitu vya kale, na baadhi ya wauzaji walikuwa wakivifukiza vibuyu kwa moshi na kuvipaka mafuta ya kondoo ili vionekane vimezeeka, lakini yeye akiulizwa kama kibuyu ni cha kale alijibu, "Cha Jumanne, bwana, uzi wake haujakauka." Mwenzake wa mkeka wa pili, Ndeshi, aliye hapa leo, alikuwa akimfinya na kumnong'oneza, "Sema ni cha bibi yako, wewe!" naye akamjibu kwa sauti ambayo njia nzima iliisikia, "Bibi yangu alikuwa mvivu, hakushona hata kishanga kimoja, nimsingizie kazi?" Aliuza hivyo hivyo, na waliomjua walinunua kwake, kwa kuwa walijua kitu chake hakitafumuka njiani.

Nasema haya ili isije ikadhaniwa kwamba marehemu aliwachukia wanunuzi, au kwamba hakujua biashara. Aliuza kila alichokitengeneza ili kiuzwe, na vingine hakuuza, na tofauti hiyo haikuhitaji shule kuielewa.

Mwezi wa Juni mwaka 1909 nilichukuliwa kwenda Ulaya kuwafundisha Kiswahili na Kimasai wanafunzi wa chuo kikuu kimoja, nami nikaruhusiwa kuhudhuria masomo ya lugha, na huko ndiko nilikopata elimu niliyo nayo. Nosim alibaki hapa na mama yangu, Sinyati, pamoja na watoto wawili.

Mwezi wa Novemba mwaka 1910 alifika msafiri mmoja mwenye makasha mengi, aliyekuwa akinunua vitu vya makabila yote yanayouzunguka mlima, akiongozwa na Lesikar, mwenyeji wa huku huku, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia wageni vitu na kupewa chake. Msafiri yule alinunua mkeka mzima wa Nosim, bila kubagua, kisha akanyoosha kidole kwenye masikio yake. Nosim akasema hizo haziuzwi. Yule bwana akaongeza bei, akaongeza tena, akafikia fahali, na watu wakajaa kutazama, naye Nosim akamwambia Lesikar, "Mwambie aoe, amvalishe mkewe zake," watu wakacheka, na bwana akacheka pia, alipotafsiriwa.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Dismasi, mpishi wa msafiri huyo, Mchaga wa Moshi, aliyenisimulia mbele ya mashahidi. Jioni ile kambini bwana alimwuliza Lesikar, "Huzivua lini?" Lesikar akajibu, "Mumewe akifa, bwana." Akauliza mume yuko wapi, akaambiwa yuko Ulaya, akasema, "Ulaya ni mbali sana," akaendelea kula. Sijui kama alimwagiza mtu kusema uongo, au alimwajiri tu mtu asiyehitaji kuagizwa, na sitamwongezea neno ambalo Dismasi hakulisikia.

Wiki tatu baadaye Lesikar aliingia katika nyumba hii akiwa amejifunika nguo nyeusi, akasema, "Shemeji, pole. Habari imefika Moshi kwa waya wa simu. Simel hatunaye. Ni kifua, shemeji, kule kuna baridi." Mama yangu akamwuliza ameisikia kwa nani, naye akasema, "Yeyo, mama yangu, kwa nani tena? Kwa wenye waya." Akaketi na waombolezaji, akanywa, akalia kwa sauti kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na siku hiyo Nosim alinyolewa nywele, na mama yangu mzazi akamfungua kamba za masikioni. Lesikar akasema vitu vya mfiwa visilale ndani, atakwenda kuvitupa mbali yeye mwenyewe, kama rafiki wa marehemu, na kwa ajili ya pole akaacha blanketi moja. Basi kwa blanketi moja niliuawa, mama yangu akalia mwana, watoto wangu wakaitwa mayatima, na mke wangu akawa mjane, ili kabati la mtu lijae.

Mchungaji aliuliza Moshi, akajibiwa kwamba hawana habari kama hiyo, lakini mama yangu alisema wenye waya hawawezi kumkumbuka kila Mwarusha anayekufa. Barua yangu ya mwezi wa Oktoba ilifika kilio kikiwa bado mbichi, na Nosim aliisoma kama maneno ya marehemu, na ile ya Januari ilikwama njiani, nikafika mimi kabla yake.

Nilifika hapa tarehe 19 Aprili 1911, kwa miguu kutoka inapoishia reli. Simaloi alinikimbia. Mama yangu alinizuia pale langoni, akanitaka nimtajie jina la mama yake mzazi, ambalo hatulitaji ovyo, nikamtajia, akakaa chini mavumbini. Nosim alitoka akiwa amenyolewa, akanitazama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuyafunika masikio yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekutwa hana nguo, kisha akauliza, "Simel, nani amekuua?"

Tulikwenda kushtaki kwa mwenye mamlaka mmoja, ambaye sitamtaja, na Lesikar aliitwa. Alisema mbele ya watu, "Kaka, nilisikia vibaya. Si umerudi? Mwingine angechinja mbuzi, wewe unaleta mashtaka!" na wapo waliocheka. Nosim alilitoa lile blanketi, likiwa na mikunjo yake ile ile, akaliweka miguuni pa Lesikar, akasema, "Hatujalilalia hata siku moja. Nenda kaniletee changu." Tukaambiwa kwamba kitu kilitolewa kwa hiari, kwamba malipo yalipokelewa, na kwamba makasha yamekwisha kupakiwa Tanga. Mwalimu mwenzangu wa kule chuoni alinitafutia surutia zile baadaye, akazikuta katika nyumba ya maonyesho, nyuma ya kioo, zimeandikwa chini yake, "Hereni za mjane." Nimewaandikia mara mbili kwamba si kweli, na maandishi bado hayajabadilishwa.

Wazee walikaa na kuamua kwamba mtu aliyeliliwa akarudi ni kama bwana harusi mpya, mhunzi akatengeneza surutia nyingine, na tarehe 6 Mei 1911 nilimvalisha tena mke wangu, wazee wakiwapo na mchungaji akiwapo. Marehemu alirudi kwenye mkeka wake, akauza kama zamani, kwa kuwa kuuza hakukuwa kosa, lakini mgeni akikaribia alikuwa akivuta khanga mpaka mabegani, hata kwenye jua la mchana, na hakuacha tabia hiyo.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Agosti mwaka jana kwa kikohozi na homa za jioni. Tulijaribu dawa za nyumbani, kisha dawa za misheni, akapata nafuu wakati wa Krismasi hata akamshonea Simaloi mkufu, lakini mwezi wa Januari alizidiwa, na alifariki nyumbani hapa, Jumatano tarehe 11 Februari 1914, alfajiri, mama yangu na mimi tukiwa tumemshika.

Ndugu zangu, jana, kabla jeneza halijafungwa, mtu alinifuata nyuma ya nyumba, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hizi surutia za pili nitaziuza, kwa sababu, alisema, marehemu hazihitaji tena, na kuna bwana amefikia dukani. Sikumjibu pale kwa heshima ya wageni. Namjibu sasa, na yeyote aliyemtuma, na Lesikar aliyeketi pale upande wa wanaume, ambaye hakufukuzwa wala hatafukuzwa, naye asikie. Ziko masikioni mwa marehemu, nimezifunga mwenyewe kamba mpya, na anakwenda nazo, kwa kuwa mwanamke huzivua mumewe akifa, nami sijafa. Kaburi limechimbwa hapa penye migomba, mlango wangu unalitazama, na nalala usingizi mwepesi.

Namshukuru mwuguzi wa misheni, aliyekuja hata mvua ilipokata njia, nawashukuru majirani mliochota maji na kukesha nasi, walimu wenzangu mlioshika madarasa yangu tangu Januari, na kina mama wa mikeka, Ndeshi hasa, mliofunga biashara leo siku ya soko. Wale tuliowapelekea madai ya haki yake wasiione, siwashukuru, na nimefikiri sana kabla ya kuandika hivyo.

Mwanamke wetu akifiwa na mume huvua surutia, na kila anayekutana naye hujua ampe pole. Mimi tangu juzi nimejitazama, na desturi yetu haikunipa kitu cha kuvua. Lala, Nosim, mama Simaloi, upumzike. Mumeo yu hai.