Kigingi cha Mwaka 1951

Baba Paroko, dada yangu Apolonia, wafiwa wote, majirani wa Temeke, nanyi wapima ardhi mliotoka kazini moja kwa moja: mimi ni Adelard Nchimbi, kaka wa mjane. Nimepewa kuwasomea maisha ya shemeji yangu, marehemu Leodegar Kapinga. Katika karatasi zilizopigwa mashine jana mtaona mstari mmoja umekatwa kwa wino. Umekatwa kwenye karatasi zote, na nitaeleza sababu nikifika hapo.

Marehemu alizaliwa mwaka 1908 huko Litembo, Umatengo. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Alibatizwa tarehe 2 Oktoba 1921 na kupewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Alikulia milimani, penye baridi na miteremko, na hata baada ya miaka ishirini ya pwani alikuwa akilalamika kwamba nchi ya huku imelala kifudifudi.

Alisoma shule ya misheni Litembo, kisha Peramiho kuanzia 1924 hadi 1928. Hesabu alizipenda kuliko chakula. Mwaka 1931 alifika Dar es Salaam, na tarehe 1 Machi 1932 akaajiriwa kushika mnyororo wa kupimia viwanja. Mwaka 1944 alifanywa mnyapara. Wengi wenu hapa, wa Temeke, wa Ilala na wa Kinondoni, mnalala ndani ya vigingi alivyovipigilia yeye.

Hata mimi. Mwaka 1950 alipopima mtaa wetu, kigingi changu kiliangukia futi mbili ndani ya choo nilichokwisha kuchimba. Nikamwambia, "Shemeji, sogeza kidogo tu, nani ataona?" Akacheka, akanipigapiga begani. "Shemeji, kigingi hakina undugu. Hamisha choo." Nikahamisha choo. Mtaa mzima ulinicheka mwezi mzima, na nadhani kinyongo kidogo kilibaki.

Alimwoa dada yangu Apolonia tarehe 16 Mei 1936, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Sijapata kumsikia akimpandishia sauti. Aligombana naye kwa jambo moja tu, nalo ni Julai.

Maana kila Julai, kipupwe kikiingia, marehemu alichukua likizo yake na kupanda treni kwenda Morogoro. Alikuwa ameazimia kuutembea mgongo wote wa milima ya Uluguru, juu kwa juu, kuanzia Bondwa hadi uwanda wa Lukwangule, kipande kimoja kila mwaka. Alichagua kipupwe kwa sababu mvua ni chache, ingawa baridi ya kule inauma meno. Alijizoeza Jumapili baada ya Misa kwa kutembea hadi vilima vya Kimara na Goba. Mzee Hilal, mwenye duka la mtaani kwetu, alituuzia mablanketi akitikisa kichwa: "Nyie watu wa bara, mnalipa nauli kwenda kutafuta baridi?" Nasema "alituuzia" kwa sababu mwenziwe wa safari nilikuwa mimi, tangu mwaka wa kwanza, 1946.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mahali tulipoishia, alipigilia kigingi cha mninga alichokichonga mwenyewe nyumbani, kimechomwa namba ya mwaka. Mwaka uliofuata tulikitafuta kigingi kile kile, akaweka mguu kando yake, akasema, "Tuliishia hapa, twaanzia hapa." Mwaka 1949 tulikuta nguruwe wamekifukua cha mwaka uliotangulia. Mimi nilimwonyesha jabali nililolikumbuka vizuri. Akasema kukumbuka si kupima. Tulirudi nyuma hadi kigingi cha 1947 tukarudia kipande chote, maili sita za miiba na ukungu, na kucha zangu mbili za mguu zilibaki huko.

Sasa nimefika kwenye mstari uliokatwa. Ulisema hivi: "Marehemu aliutembea mgongo wote wa Uluguru bila kuruka hata hatua moja." Mstari huo si kweli, na aliyeufanya usiwe kweli ni mimi.

Julai 1952 tulilala kijiji kimoja chini ya mlima. Marehemu alikuwa ameanza kuishiwa pumzi, miguu imemvimba. Akanituma nitangulie kukitafuta kigingi cha 1951, yeye apumzike siku ile. Nilikipata mapema. Mbele yake nikaziona maili nne zilizokuwa zikitungoja, mgongo mwembamba kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda, na upepo wa baridi unapita humo bila kizuizi. Na kule kijijini nilikuwa nimeonyeshwa njia nyingine, pana, ya wakata mbao, inayopanda mgongoni baada ya maili hizo nne.

Niliking'oa kigingi, nikakificha ndani ya blanketi. Kesho yake nikampandisha kwa njia ya wakata mbao, nikimwambia hii ni nafuu kwa pumzi zake. Alipoketi kupumua nilitangulia, nikakipigilia kwa jiwe, nikamwita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha shemeji yangu kilikuwa kwenye blanketi langu.

Alikuja, akainama, akagusa udongo. "Mbona mbichi?"

"Nguruwe, shemeji. Wamechimbachimba kando."

Alinitazama kidogo. Kisha akaweka mguu wake kando ya kigingi na kusema, "Tuliishia hapa, twaanzia hapa." Aliniamini. Mtu ambaye hakuliamini jabali aliniamini mimi.

Nilijiambia kwamba nilimhurumia. Huo nao ni uongo. Nilihurumia miguu yangu, na labda choo kile kilikuwa bado moyoni. Tungeweza kumaliza mwaka mmoja baadaye, hakungekuwa na ubaya wowote.

Tulifika Lukwangule tarehe 18 Julai 1953. Alilia kama mtoto. Alichora ramani ya mgongo wote kwa wino mwekundu, akaitundika ukutani sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa ule mstari kabla ya kupewa chai. Nilikunywa chai nyingi chini ya ramani ile.

Mwaka jana mwezi wa Novemba moyo ulimlaza kitandani. Wiki mbili za mwisho nilikuwa naye kila siku. Siku moja alinishika mkono. "Wewe ndiwe utakayesoma. Usiseme mie nilikuwa mwema, siku ya maziko kila mtu huwa mwema. Sema niliutembea wote, sikuruka." Nikajibu, "Ndiyo, shemeji." Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na ulimi, tulikuwa wawili tu chumbani. Nilisema ndiyo.

Alifariki jana, Jumanne tarehe 8 Februari 1955, saa moja asubuhi, nyumbani kwake Temeke, akiwa amepokea sakramenti zote.

Karatasi zilipotoka kupigwa mashine, nilimweleza dada yangu. Alikuwa akikunja mashati ya marehemu. Hakulia. Alisema, "Miaka ishirini mume wangu alikataa kusogeza kigingi hata kwa ajili yako. Leo nikamzike na kipimo cha uongo?" Akamwita binti yake Margareta, wakaleta kalamu, wakakata mstari karatasi moja moja. Kisha akaniambia, "Kasome mwenyewe, kwa mdomo wako. Halafu ndiyo uje nyumbani kula." Wapima mlio hapa mnajua Maandiko yanamwitaje ahamishaye mpaka wa jirani yake: amelaaniwa. Sijitetei.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia. Watoto watatu, Ansbert, Margareta na Wilbert. Dada yake mmoja huko Litembo. Shemeji mmoja, ambaye ni mimi. Na maili nne za mgongo wa Uluguru ambazo alikuwa na haki nazo. Nikizitembea mimi Julai ijayo, hazitakuwa zake. Nimelifikiria hilo tangu jana na sijapata njia ya kulipita.

Mungu akupe pumziko, shemeji. Hukuruka hata hatua moja. Niliyeziruka ni mimi.