Kupe Ana Visanduku Vinne

Mniwie radhi mapema, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Enzi zangu za jukwaani tulifundishwa kwamba kichekesho kianze na mtu kuanguka. Hiki kinaanza na watu wamekaa, na hawainuki mpaka mambo yameshaharibika. Tulikuwa tumekalia taruma la chuma la Mjerumani, lililotoka chini ya reli likafika kijiweni kwetu nyuma ya stesheni ya Tabora kwa njia ambayo hatukuulizana. Likipigwa na jua linakaanga makalio, kwa hiyo kikao chetu kilikuwa saa tisa, kivuli cha ghala la tumbaku kikishafika, na Omari akishafika na dele lake la kahawa. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya Operesheni ya kuhamia vijijini.

Siku hiyo Yoramu, karani wa mahakama, tuliyemwita Kamusi, alikuja na gazeti. Ndani yake mna fumbo la maneno, na zawadi ya fumbo ni baiskeli mpya, keria nyuma, kengele mbele. Wengine baiskeli ni fahari. Kwa Kamusi ilikuwa ndoa. Mkewe Siwema alihamishiwa kijiji kipya upande wa Isikizya, maili kumi na nane, na yeye kazi ikambakiza mjini. Kila Jumamosi alikwenda kwa miguu na kiroba begani, akifika amechoka hata kumsalimu mkewe ni kazi, na Jumapili anarudi.

Miwani yake ilikuwa imebaki kioo kimoja, na visanduku vya fumbo vidogo kama matundu ya chujio. Akanipa kalamu.

— Pazia, mimi nasema, wewe unaandika. Bahasha hii hapa, stempu tayari. Behewa la posta linapokea barua mpaka treni ya Dar ipige honi, saa kumi na nusu. Na utani wako, tafadhali, baada ya treni.

Nikaapa. Pazia ndiye mimi.

Tungemaliza kwa kikombe kimoja, kama wasingetokea wawili: Masolwa, balozi wa nyumba kumi, tuliyemwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kukaa mahali bila kufungua mkutano, na Kurban, fundi cherehani, tuliyemwita Mkasi kwa kukata maneno ya watu. Nikasoma kwa sauti, na hapo nilikuwa nimeshakosea.

MIMI: "Chai hanywi, maji hanywi, hunywa damu ya mwenyeji wake." Herufi nne.

KAMUSI: Kupe. Andika.

MWENYEKITI: Subiri! Nani kakuruhusu kujibu? Kikao hakijafunguliwa.

KAMUSI: Gazeti nimenunua mimi, Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Mawazo hayo ndiyo yanayoturudisha nyuma. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo usikitegemee. Kichukue!

MKASI: Hapo wahenga wamenyooka kama pindo langu.

MWENYEKITI: Jibu ni bepari.

MIMI: Bepari ana herufi sita. Visanduku vinne.

MWENYEKITI: Pazia, tumehamisha watu na kuku wao na mawe yao ya kusagia, wakaenea. Herufi mbili tu zikushinde? Zihamishie kisanduku cha jirani.

KAMUSI: Cha jirani ni cheusi!

MKASI: Basi hakina mwenyewe.

MWENYEKITI: Wanaoafiki?

Mikono mitatu ikapanda. Wa tatu ulikuwa wangu. Mkono wangu una tabia hiyo, hupenda kuwa upande unaochekwa. Kisha nikainama, nikafunika karatasi kwa kiganja kama mtoto wa darasa la pili, nikaandika.

MIMI: "Meno anayo, kuuma hajui." Herufi sita.

KAMUSI: Kitana.

MKASI: Zipu.

KAMUSI: Kurban, zipu ni herufi nne!

MKASI: Bwana Kamusi, mimi nashona suruali miaka ishirini na sita. Nani kati yetu anajua meno ya zipu?

MWENYEKITI: Imeandikwa kuuma hajui. Zipu yako iliniuma Sabasaba, mbele ya wageni!

MKASI: Hiyo si zipu, ni haraka yako. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

MWENYEKITI: Nakubali kwa masharti. Na vile visanduku viwili vinavyobaki?

MKASI: Akiba. Njaa ya mwaka jana umeshaisahau?

Mikono mitatu. Omari akamimina raundi ya pili. Kamusi akatazama saa yake kwa lile jicho lenye kioo.

KAMUSI: Saa kumi kasorobo, jamani.

MIMI: "Hulala chini ya reli, treni ikipita haamki." Herufi sita.

KAMUSI: Taruma! Taruma, jamani, mmelikalia!

Tukainuka kidogo, tukachungulia chini, tukakaa tena.

MWENYEKITI: Haiwezekani. Gazeti la taifa lisafiri siku mbili kutoka Dar kuja kuulizia makalio yetu?

MKASI: Ingekuwa dharau.

MWENYEKITI: Jibu ni mlevi.

MIMI: Herufi tano.

MWENYEKITI: Ya sita ni chupa yake.

Kicheko kilichotoka hapo kiliwashtua kunguru wa ghala. Kamusi peke yake hakucheka. Alikuwa anapangusa kile kioo kimoja, anapangusa, anapangusa.

MKASI: Lakini tusijidanganye. Haya mafumbo yametoka hapahapa kwetu. Babu yangu alinieleza. Wapagazi wa misafara walikuwa wakipeleka pembe pwani huku wakisemeshana kwa mafumbo, ili tajiri asijue nani amechoka na nani anatoroka usiku. Yamekwenda Bagamoyo kwa miguu, bure. Sasa yanaturudia kwa treni, na tunayanunua!

MWENYEKITI: Babu yako alikuwa anauza vitambaa, Kurban. Mimi nakwambia jambo la ndani. Fumbo hili ni mtihani. Huko juu kuna mtu ana orodha ya mabalozi wote wa nyumba kumi. Anayeandika kupe mahali pa bepari, jina lake linapigiwa mstari.

MKASI: Kwa wino gani?

MWENYEKITI: Usiulize wino!

KAMUSI: Ndugu zangu, saa kumi na robo. Nawaomba.

Hata hivyo tukamaliza, kila neno kwa kura, Kamusi mmoja, sisi watatu. Kilichobaki ni kisanduku kirefu cha chini: jina la mshiriki. Hapo mkutano ukaanza upya.

MWENYEKITI: Baiskeli itakuwa ya kijiwe. Jumatatu mpaka Jumatano ni ya uongozi.

MKASI: Mimi sitaki baiskeli, nataka keria tu, ya majora ya vitambaa.

MWENYEKITI: Keria itakwendaje bila baiskeli?

MKASI: Mtanifuata nayo.

KAMUSI: Na Jumamosi?

MWENYEKITI: Jumamosi inapumzika. Chuma nacho kinachoka.

Ndipo Siwema akatokea. Alikuwa ameteremka kwenye lori la tumbaku, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini, kikapu cha viazi vitamu kichwani. Kamusi akasimama kama mtu aliyeitwa mahakamani.

SIWEMA: Hamjambo, mashemeji? Shikamoo Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Marahaba, mama. Tuko kwenye kikao.

SIWEMA: Nimeona. Mume wangu, nimepata lori nikasema leo nikupunguzie safari. Hiki nini?

Akaichukua ile kuponi ya fumbo kutoka gotini kwangu. Siwema alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka huohuo, na alisoma kama wanavyosoma wahitimu wapya, midomo ikitembea, kidole kikifuata. Akasoma yote. Akaniangalia mara moja, akatabasamu. Kisha kidole kikafika chini, kikasimama.

SIWEMA: Hapa pa jina pako wazi. Kwani baiskeli ni ya nani?

Mwenyekiti akatazama kikombe. Mkasi akatafuta uzi kwenye shati lake. Kamusi akafungua mdomo, kisha, mstaarabu yule, akaufunga, akasubiri mmoja wetu aseme.

Na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Yoramu, herufi sita tu, wala hazikuhitaji kura. Lakini kimya kile! Nyie hamjui kimya kama kile kinamfanya nini mtu aliyekulia jukwaani. Nikapanda juu ya taruma, nikanyoosha mkono.

— Ndugu wananchi! Baiskeli itapandwa na Mwenyekiti, na itasukumwa na umma!

Mkasi alianguka chini, kweli alianguka. Omari aliliegemea dele lake mpaka kahawa ya mwisho ikamwagika. Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna mgeni, naye akalipuka. Hata Siwema alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mtu mmoja tu hakucheka, alikuwa amegeuzia sikio stesheni. Tulipokwisha kufuta machozi, behewa la posta lilikuwa linapita nyuma ya ghala, taratibu, kama bwana harusi.

OMARI: Kahawa imekwisha.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu: kupe, kitana, taruma, na mengine yote kama alivyoyasema Kamusi. Gazeti likaongeza kwamba nchi nzima hakupatikana hata mmoja aliyepatia yote, na baiskeli imerudishwa stoo.

Sasa nawaambia lile ambalo Siwema aliliona. Kura zile zote nilikuwa nazitangaza tu. Chini ya kiganja niliandika kupe, nikaandika kitana, nikaandika taruma. Kuponi ile, ambayo ninayo mpaka leo, haina kosa hata moja. Ina pengo tu la herufi sita, mahali ambapo nilisimama kuchekesha watu.

Kamusi hakunigombeza. Jumamosi iliyofuata alinigongea mlango alfajiri, akanitwika kiroba. Maili kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi, na Jumamosi zote zilizofuata. Siwema akituona kwa mbali huwaita majirani waje waione baiskeli ya mumewe: magurudumu yamechakaa, keria bado nzima, na kengele ndiyo usiseme, inalia njia nzima bila kuguswa.