Binti Aliyesema Hapana Mbele ya Hakimu

Asante, mama mwenyekiti. Wengi wenu hapa mtaani Jane na Finch, Toronto, mnanijua kama yule msichana anayechekacheka kwenye lifti. Leo nitacheka kidogo tu.

Nimeombwa nieleze habari za watoto wa dada yangu, kwa sababu humu ndani wapo wanaotaka kuchukua watoto wakubwa kutoka nyumbani na hawajui mlango uko wapi. Mlango upo, ndugu zangu. Ila mimi ulinigonga usoni.

Dada yangu alifariki Bujumbura. Aliugua kifua, haikuchukua muda. Baba watoto alikwisha tangulia. Wakabaki binti wa miaka kumi na mitatu na mdogo wake wa kiume, wakilelewa na mama yetu, bibi yao, pale Buyenzi. Mimi nilikuwa hapa, sina mume, shule yangu iliishia katikati ya sekondari, kazi yangu kuogesha wazee kwenye nyumba ya wazee. Nikasema hawa ni wangu, nitawaleta. Nilidhani ni kukata tiketi tu! Msinicheke.

Kazini nikamwambia mwenzangu, mama mmoja wa Bukavu. Akauliza, "Unawaleta kwa makaratasi gani?"

"Makaratasi ya nini? Mimi si mama yao mdogo?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Weee! Huo umama mdogo wa kwetu, huku hauna muhuri."

Kweli haukuwa nao. Ilibidi niwaasili, yaani wawe wanangu kisheria: serikali ya huku ikubali, mahakama ya kule ikubali, halafu uhamiaji nao. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani, akafungua friji, akajaribu madirisha, akaniuliza kama nilichapwa utotoni. Nilihudhuria darasa la wazazi, wenzangu wote wamekaa wawili wawili, mimi na koti langu. Barua ya polisi ya kuthibitisha sina kosa ikifika, cheti cha daktari kimepitwa na wakati. Ukipata kipya, tafsiri imekataliwa. Nimelia sana kwenye basi la Finch, nawaambia ukweli. Kisha nafuta macho, napiga simu Buyenzi kwa sauti ya harusini:

"Chumba chenu nimekipaka rangi! Mtaona theluji! Na mkifika mtaniita mama, sawa?"

Mvulana alipiga kelele za furaha. Binti alisema, "Sawa, mama mdogo." Basi. Mimi nikasikia ile "sawa" tu.

Habari za marehemu sikuzigusa. Mnajua kwetu: mtoto akifiwa, wakubwa tunanyamaza. Tunaficha picha, tunamwambia jikaze, usilie. Hata bibi yao nilimwambia, "Mama, usiwakumbushe."

Siku ya mahakama ikafika, nikasafiri kwenda Bujumbura. Hakimu alikuwa mama mpole. Sheria inataka mtoto mkubwa aulizwe mwenyewe, hivyo karani akamweleza binti kwamba hati mpya ya kuzaliwa, mahali pa mama, itakuwa na jina langu.

"Na la mama?" binti akauliza.

"Halitakuwepo."

Hakimu akamwuliza kama anakubali. Akasema, "Hapana."

Nikadhani hajaelewa. Nikamshika mkono. "Mwanangu, ni karatasi tu."

Akautoa mkono wake. "Kama ni karatasi tu, mbona umeihangaikia hivi? Mama yangu alinizaa. Mnataka iandikwe hakunizaa?"

Hakimu hakutaka kuwatenganisha, akafunga faili ya wote wawili. Nikarudi Toronto peke yangu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Ripoti ya ustawi wa jamii ikaisha muda, nikaambiwa nianze upya, na huku binti anaukaribia umri ambao sheria haimhesabu tena mtoto. Nilimkasirikia. Mtoto aliyefiwa, mimi mtu mzima nikamkasirikia. Nikawa napiga simu kwa nadra.

Kisha bibi yao akafariki. Mama yangu. Nilimzika kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za kazini, glavu bado mkononi. Watoto wakachukuliwa na jirani mwenye watoto wake wengi, na binti akaacha shule ili apikie nyumba ile.

Baada ya mazishi nikapiga. Sauti ya harusini ilikuwa imekwisha, nililia tu. Binti akanisikiliza. Halafu akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuuliza: "Mama mdogo, mama alikuwaje alipokuwa kama mimi?"

Nikamwambia. Alikuwa akiiba viatu vyangu aende navyo kwaya. Aliunguza maharage kwa sababu ya kuimba, akasema paka ndiye aliyechochea moto. Binti akacheka, akacheka, kicheko kikageuka kilio. Akalia sana. Nami, kwa mara ya kwanza, sikumwambia nyamaza.

Tukawa tunaongea hivyo kila Jumapili. Siku moja akasema, "Waulize kama jina la mama linaweza kuwa langu." Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hatugawani la mzazi, kwa hiyo halikunijia kabisa. Wakili akauliza. Hakimu akajibu kwamba inawezekana, na kwamba hati ya kwanza haichomwi, inatunzwa mahakamani. Tulipoitwa tena, binti akasema ndiyo, kwa sauti ndogo sana.

Uhamiaji wakatungojesha majira mengine ya baridi. Sasa wapo hapa. Mvulana ananiita mama. Binti ananiita mama mdogo, anasoma na watoto aliowazidi umri, na zipo siku haongei na mtu. Bibi yao hakuwaona wakiondoka. Hilo halirudi.

Namshukuru mama wa Bukavu, aliyejaza nami makaratasi mara ya pili bila kunicheka. Namshukuru yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliyerudi haraka kufungua friji ileile. Jirani wa Buyenzi, Mungu amjaze. Na nyinyi mlionipandishia sufuria za chakula wakati sipiki.

Ninachowaambia ni hiki: kabla ya muhuri wa serikali yoyote, muulize mtoto amebeba nini, kisha mwache ajibu hata kama jibu litakuliza. Mtoto mkubwa si mzigo wa kuhamisha. Anakuja na watu wake, hata waliokufa.

Kabla ya kuja nilimwomba ruhusa binti niseme haya. Akafikiri, akanijibu, "Sema yote. Ila usiwaambie nilikubali kwa furaha. Waambie nilikubali."

Basi nawaambia: alikubali.