Mwajuma na Viti vya Watu

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlioko Gitega na vilima vyake, ninyi mlioko Muyinga, na wewe uliyefungua redio dukani huku unampimia mtu mchele, karibuni. Mimi ni Zawadi. Leo tunamkumbuka Bi Mwajuma, mshonaji wa kaki za shule, mkaaji wa mtaa wa Musinzira hapa Gitega. Ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na miwili. Mkubwa wangu hapa redioni ameniomba nisipandishe sauti. Nitajaribu, lakini sikuahidi kitu.

Bi Mwajuma alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Ndivyo isemavyo karatasi ya hospitali, na karatasi hiyo haijasema uongo. Lakini mumewe, Mzee Hussein, fundi wa baiskeli, anasema kuna karatasi nyingine iliyotangulia. Hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Mwajuma alizaliwa Muyinga mjini, nyumbani kwa mchinja nyama. Akiwa na miaka kumi na mmoja alishika cherehani ya shangazi yake. Miguu haikufika vizuri kwenye pedali, kwa hiyo akashona nusu amekaa, nusu amesimama. Hussein alikuja Muyinga kununua matairi, akaondoka na mke. Huo ni utani wake mwenyewe Mzee Hussein, na hata juzi katikati ya msiba aliusema, kisha akafunika uso kwa kofia.

Kwa miaka ishirini na minane Mwajuma alishona kwenye baraza ya duka, karibu na soko la Gitega. Alishona kaki, sare za watoto wa shule. Pindo la chini aliliacha refu kwa ndani, vidole vitatu vizima, ili mwaka unaofuata mama ashushe tu, asinunue nguo nyingine. Mafundi wenzake walimcheka wakimwambia anajikatia riziki mwenyewe.

"We unataka mtoto aache kukua juu ya mi nipate kula?" aliwajibu.

Wasikilizaji, nataka mlielewe hili kabla hatujaendelea. Hawa hawakuwa wavivu. Mume alikuwa anafanya kazi, na mke alikuwa anafanya kazi. Jua lilipochomoza liliwakuta kazini, lilipozama liliwaacha kazini. Na bado chungu kilipikwa mara moja kwa siku. Kisha ikaja sukari, na sukari inataka sindano kila siku. Mwajuma akaanza kuigawa dawa. Ya siku moja aliifanya ya siku mbili.

Mwaka jana ukatangazwa mpango. Nasema wazi, ulikuwa mpango mzuri. Jamaa inayofanya kazi na bado haishibi, ipewe kadi. Kadi inalipia dawa, kadi inalipia na shule ya watoto. Kwa Mwajuma hiyo kadi ilikuwa sindano. Narudia, ndugu zangu: kadi ilikuwa sindano zake za kila siku.

Ikasemwa mjumbe wa mpango atapita nyumba kwa nyumba kuangalia hali. Siku ya Jumanne mtu akaja kumwambia Mwajuma, "Keshokutwa utapata mgeni kutoka serikalini." Katika maneno yote hayo, Mwajuma alisikia moja tu. Alisikia mgeni.

Sasa wale ambao si wa mitaa yetu watashangaa, ngoja niwaeleze. Kwetu sisi watu wa mji, mgeni wa heshima hakalishwi kwenye mkeka uliotoboka. Huyu ana viti vya fotei, yule ana zulia, mwingine ana termosi na vikombe vizuri. Posa ikija, vitu vinahama. Shehe akija, vinahama tena. Mtaa mzima una sebule moja, na sebule hiyo inatembea.

Basi ikatembea. Mahmudu, muuza mafuta ya mawese, akaleta fotei mbili. Zulia likatoka kwa mama mmoja wa nyuma ya msikiti. Termosi na vikombe kumi na viwili vikatoka kwa Efrazia, jirani yao wa ukutani. Efrazia ni Mkristo, amekulia Tanzania na kurudi na watoto wanne, na shamba lake la maharagwe liko Bugendana. Yeye na Mwajuma walikuwa kama chanda na pete. Mwajuma akachinja kuku. Alikuwa na kuku mmoja.

Siku ya Alhamisi mjumbe akafika. Kijana mpole, mwenye jasho, ana simu kubwa mkononi. Akakalishwa kwenye fotei ya Mahmudu, akanyweshwa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha Efrazia, akala pilau sahani mbili. Huku anakula, kidole chake kilikuwa kinagonga simu. Kila Mwajuma akiona kile kidole, moyo ulimtulia. Alidhani unaandikwa ugonjwa wake.

Mjumbe akauliza, "Mama, mnakula mara ngapi kwa siku?"

Niambieni, wasikilizaji. Mgeni ana tonge mkononi. Utamwambia kwamba hilo tonge ni chakula chako cha siku mbili? Wewe ungeweza? Mwajuma aliinamisha kichwa akasema, "Alhamdulillahi, Mungu anatulisha." Mjumbe akaandika kwamba wanakula mara tatu.

Alipoondoka, binti yao Raissa, mwenye miaka kumi na tisa, alimkabili mama yake. Raissa mwenyewe alinisimulia.

"Nilimwambia, mama, kwa nini hukumuambia hii vitu iko ya watu? Akanikasirikia. Akasema, we Raissa, mgeni iko anakula, mi nianze kumuhesabia viti? Akasema nimekulea vibaya."

Baada ya miezi mitatu majina yakabandikwa. Jina la Mwajuma halikuwamo. Kwenye orodha ya waliokataliwa, pembeni ya jina la Hussein iliandikwa: kaya yenye uwezo. Wenye uwezo! Watu wanaoifanya dawa ya siku moja iwe ya siku mbili! Samahani, mkubwa wangu, naishusha sauti.

Mwajuma akaenda kwenye ofisi ya mpango. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kidonda. Wakaangalia karangamuntu yake, yaani kitambulisho, wakakuta kimetolewa Muyinga. Wakamwambia malalamiko yake yapelekwe Muyinga. Akaenda. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika mwezi ule, kwa hiyo alisubiri siku mbili kupata nafasi. Muyinga wakamsikiliza vizuri, wakampa na kiti. Kisha wakamwambia nyumba iliyoandikwa iko Gitega, arudi Gitega. Kumbuka, huyo ni mgonjwa. Ana kidonda mguuni, na wanampiga danadana kutoka mji hadi mji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga hawakukosea.

Alirudi, na safari hii Efrazia ndiye aliyechoka. Asubuhi moja aligonga milango ya mtaa. Na watu wa Gitega, ninyi mliokuwa barabarani siku hiyo mliona kwa macho yenu. Mlimwona Mahmudu amebeba fotei kichwani, na nyuma yake mwanawe amebeba ya pili. Mlimwona mwenye zulia na zulia lake begani. Mlimwona Efrazia na termosi yake, na Mwajuma katikati, anachechemea, uso ameuinamisha kwa aibu. Watu walidhani ni harusi. Wengine walipiga vigelegele.

Wakaingia navyo ofisini. Mahmudu akaitua fotei mbele ya meza ya mkubwa.

"Bon, hii kiti iko yangu," akasema. "Nilinunua mi, hata madamu wangu anajua. Mwajuma hana kiti. Mumuandike hana kiti."

Efrazia akaigeuza termosi juu chini. "Niliinunua Kigoma kabla hatujarudi nyumbani. Tazama kitakoni, jina langu nimelikwaruza kwa msumari. Huyu dada aliiazima kwangu kwa ajili ya mgeni wenu. Mgeni wenu ninyi!"

Mkubwa hakuwa mtu mkali. Aliifungua kompyuta, akatazama, akatazama tena. Kisha akasema maneno ambayo Efrazia ameyashika kama sala. Alisema, "Mama, mi nawaelewa. Lakini fomu haina fasi ya vitu vya kuazima."

Fomu haina nafasi ya vitu vya kuazima. Nayarudia maneno hayo, kwa sababu nimelala nayo siku saba. Ina nafasi ya viti. Ina nafasi ya vikombe. Ina nafasi ya kuhesabu mabati ya paa lako na milango yako. Haina nafasi ya swali moja dogo: hivi ni vyako? Mtu alikaa na kuitunga fomu hiyo. Alilipwa. Alikuwa na meza. Na hakujua jinsi maskini wa nchi hii anavyompokea mgeni! Anapanga kupunguza umaskini wa watu ambao hajawahi kunywa chai kwao.

Wakamwambia Mwajuma asubiri, orodha itaangaliwa upya mwakani. Wakabeba fotei zao wakarudi. Njiani Mwajuma alimwambia Efrazia neno moja tu.

"Mi sikujuta kumpa chakula ule mtoto," alisema. "Alikuwa na njaa kweli."

Aliendelea kushona kaki za mwaka mpya wa shule, mguu ameufunga kitambaa na kuulaza juu ya kigae, anasukuma pedali kwa mguu mmoja. Kidonda kikapanda. Walipokubali kumlaza hospitalini, daktari alisema wamechelewa. Alikata roho siku ya Ijumaa asubuhi, na alasiri tukamzika. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Wanakwaya wa kanisa la Efrazia walikuja wote, wakakaa nje kimya mpaka mwisho.

Kuna watu watanipigia simu waseme Mwajuma alijiponza, angesema ukweli angepata. Tafadhali msinipigie. Leo hapo Musinzira watu wamekwisha kujifunza. Wakisikia mjumbe anakuja, wanatoa hata godoro lao wanalificha kwa jirani, wanamkalisha mgeni chini, hawampi hata maji. Watoto wanafundishwa kusema hatujala jana. Umaskini haujapungua. Kilichopungua ni ukarimu, na huo ndio ulikuwa mali pekee tuliyokuwa nayo bila kuazima.

Mzee Hussein, pole. Raissa, pole sana mwanangu, na hiyo cherehani uliyoirithi Mungu aitie baraka. Ndugu wa Muyinga, poleni. Efrazia, Mahmudu, na mtaa wote, poleni. Nawaomba nyote mnaonisikiliza, mkiwa na kazi inayowaingiza katika nyumba za watu na kalamu mkononi, mfikiri. Na mnaoziandika hizo fomu bila kuingia nyumba ya mtu, mfikiri mara mbili.

Nimalizie kwa jambo nililoliona mwenyewe siku ya tatu ya matanga. Kijana mmoja alisimama mlangoni muda mrefu, haingii, haondoki. Alikuwa yule mjumbe. Alikuwa amesikia habari, akaja kwa miguu kutoka Makebuko. Mahmudu akainuka, ngumi amekunja. Mzee Hussein akamshika mkono akamkalisha, kisha yeye mwenyewe akamwendea kijana.

Kijana akaanza kulia. Akasema alikuwa anapewa nyumba arobaini kwa siku. Akasema ile siku alikuwa hajala tangu juzi yake, na kwamba yeye pia kadi hana. Akapiga magoti. "Baba, munisamehe."

Hussein akamwinua. "We nimekusamehe, mwanangu. Ingia ule. We ulitumwa." Kisha akainua macho, akatutazama sisi wote tuliojaa pale uani, mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu.

"Ule aliyekutuma," akasema, "ndiye sijamuona hapa."