Nelius Wawira na Chumvi Iliyopungua Damuni

Wazazi wetu, mchungaji, walimu na majirani wa kijiji hiki, mimi ni Runji wa Njoka, kaka mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa tumeruhusiwa kukusanyika mpaka saa tisa tu, nitasoma bila kukawia.

Nelius Wawira alizaliwa tarehe 12 Aprili 1926 karibu na Runyenjes, akaingia shule ya misheni mwaka wa 1935, akasoma mpaka darasa la sita, kisha akafunzwa ualimu, na Januari 1946 akapelekwa kufundisha watoto wadogo Mikinduri, huko Meru, ambako wanasema darasa lake lilisikika likicheka kutoka barabarani. Huko alimpata Bundi, seremala, wakafunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba 1947, wakajaliwa watoto wawili, Mbaka, mwenye miaka minane, na Lydiah, mwenye mitano, ambao wameketi hapa mbele.

Kisukari kiligunduliwa Machi 1952, na tangu hapo alijidunga insulini kila asubuhi bila kukosa, mpaka Hali ya Hatari ilipotukuta. Mumewe alichukuliwa kizuizini Juni 1954, naye Wawira akarudi kwetu na watoto, tukahamishiwa sote katika kijiji hiki kilichozungushiwa handaki na walinzi, na kila mwezi ilimpasa kuomba pasi ya kwenda Embu kuchukua dawa. Mwezi huu kijiji kilifungwa, pasi ikakataliwa mara tatu, na dawa ikaisha tarehe 8. Mara ya nne nilikwenda mimi, nikamwambia afisa, "Bwana, dada yangu atakufa," naye akanijibu, "Kila mtu hapa anasema hivyo."

Tarehe 14 tulifunguliwa, tukambeba kwa machela mpaka Embu, akihema kama aliyepanda mlima mbio, pumzi yake ikinuka matunda yaliyochacha. Hospitalini walimtia maji ya chumvi mshipani pamoja na insulini, na kesho yake sukari ikashuka, akafumbua macho, akauliza kama watoto wamekula, nami nikamshukuru Mungu mapema mno.

Maana tarehe 16 alishindwa kuinua kikombe. "Runji," akaniambia, "huu mkono si wangu tena." Daktari alituita, na Bwana Munyi, dresa anayemsaidia kuhudumia wagonjwa, akatufafanulia kwamba mwili una chumvi iitwayo fosfeti, kwamba ugonjwa ulikuwa umeimwaga kwa mkojo, na kwamba insulini ile ile iliyomwokoa, ilipoirudisha sukari ndani ya mwili, iliivuta humo pia fosfeti kidogo iliyobaki kwenye damu, na misuli ikiikosa hulegea, hata ile ya kupumulia. Kuipima ni Nairobi tu, na damu iliyopelekwa huko haijajibiwa mpaka leo. "Mpeni maziwa," daktari alisema, "fosfeti imo humo, na sina kingine."

Kijijini kwetu hakuna ng'ombe aliyebaki, lakini Mzee Rashid, mwenye bucha pale Embu, na mkewe Bi Mashavu, ambao hawakuwa wanatujua, walitukamulia birika zima. Nilimnywesha kwa kijiko, akameza vikombe viwili, jioni akaweza kukunja vidole, tukatumaini. Asubuhi ya tarehe 17 maziwa yalianza kumtokea puani, koo lilikuwa limelegea, daktari akatukataza kuendelea, nami nikabaki nimeshika birika likiwa bado nusu. Alifariki Jumapili, tarehe 18 Novemba 1956, saa kumi alasiri, pumzi ikipungua kidogo kidogo, akili zake zikiwa timamu, akinitazama.

Tunawashukuru daktari na Bwana Munyi, ambao hawakutuficha neno, Mzee Rashid na Bi Mashavu, walimu wenzake wa Mikinduri ambao wawili tu kati yao walipata pasi ya kufika, na ninyi majirani mliochimba kaburi hili tangu alfajiri. Bundi hajui. Barua yetu ya kumwarifu ingali mezani kwa wakaguzi, na bado anamwandikia mkewe.

Dada yangu Wawira, pumzika katika amani ambayo sisi tuliobaki hatunayo.